Mtoto wa mwaka wa mgomo: natafuta watu wa mamake (uzi mrefu, nivumilieni)

MjukuuWaKibokoni

Assalam aleikum wanajamvi, na salamu kwa wasio Waislamu pia.

Tuna nyumba ya ukoo pale Kibokoni, Mombasa. Ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi za Mji wa Kale: kuta na paa ni zetu, ardhi ina mwenyewe, na mtu wake huja na kitabu cha risiti. Ami zangu wameamua iuzwe. Mnunuzi amepatikana, ila kasema hatoi hata senti mpaka aone hukumu ya Kadhi inayotaja warithi ni nani na nani. Kazi ya kuandika shajara ya ukoo nikatupiwa mimi, kwa sababu ndiye mwenye kompyuta.

Kwa asili nyumba haikuwa ya babu. Ilikuwa ya kaka yake, tunayemwita babu mkubwa. Kwenye karatasi niliyopewa na ami, chini ya jina la babu mkubwa pameandikwa "hakuacha mtoto". Basi nyumba ikaenda kwa babu, kutoka kwa babu ikaja kwa wanawe, hadithi ikaishia hapo.

Sasa tuna msahafu wa zamani, jalada limeliwa na mchwa pembeni, na kwenye kurasa nyeupe za mwisho babu alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu nani kazaliwa na nani kafa. Mle nimekuta mistari miwili. Wa kwanza: babu mkubwa amezaliwa mtoto wa kiume, Shaaban 1365. Wa pili: babu mkubwa amefariki, tarehe 5 Muharram 1366. Mtoto hatajwi tena. Jina lake lipo, silileti hapa kwa heshima.

Nyanya, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuna mtoto alikufa "mwaka wa mgomo". Mama wa mtoto akamaliza eda ya kufiwa na mume akarudi kwao. Kwao wapi? Hakuna ajuaye. Hata jina lake hasa hakuna anayelikumbuka, ni "Mama" na jina la yule mtoto.

Ami mkubwa ananiambia mtoto mchanga hana hesabu, nimuache. Mimi moyo haukubali. Naanzia wapi?

---

Mpita_Njia_Mwembe

Mtoto wa miezi sita, zaidi ya miaka 70 iliyopita. Hakuoa, hakuzaa, hakuacha hata kiatu. Uza nyumba ndugu, gawaneni pesa. Kuna watu wanapenda kufukua mambo.

---

WakiliWaBarazani

Mpita njia, pita.

Mjukuu, nisikilize vizuri kwa sababu ami zako wanakwepa jambo ambalo nadhani wanalijua. Swali la kwanza mbele ya Kadhi si kama mtoto aliishi miaka mingapi. Ni nani alitangulia kufa, mtoto au baba? Akiishi hata saa moja baada ya babake, amerithi, na alichorithi kinashuka kwa warithi wake yeye.

Hesabu hii hapa, nifanye nyumba ni mafungu 24. Nachukulia wazazi wa babu mkubwa walikuwa wameshakufa na babu yako ndiye ndugu pekee.

Kama baba alikufa kwanza: mke anachukua thumni, yaani 3. Mtoto wa kiume anachukua 21 zilizobaki. Kisha mtoto anakufa, amemwacha mama na ami yake (babu yako). Mama anapata thuluthi ya 21, yaani 7. Babu yako anapata 14. Kwa jumla mjane ana 10, babu yako ana 14.

Kama mtoto alikufa kwanza: mke asiye na mtoto anapata robo, 6. Babu yako 18.

Umeona? Kichanga ambaye hakuacha hata kiatu anahamisha mafungu manne ya nyumba. Na kuna jambo la pili. Hata kwa hesabu inayowapendeza ami zako, mjane ana mafungu 6. Yako wapi? Waulize hilo kwanza kabla hujauliza la mtoto.

---

MjukuuWaKibokoni

Nimemuuliza ami mkubwa usiku huu. Amesema mjane "alipewa vyombo vyake na baki ya mahari". Kisha akasema ana dawa ya presha anataka kumeza.

---

Maalim_Mfunguo

Baki ya mahari ni deni la marehemu, hutoka kabla ya kugawa. Haingii kwenye fungu lake.

Nije kwenye tarehe, maana hapo naweza kusaidia. Muharram ndiyo Mfunguo Nne wetu, mwezi wa nne ukihesabu tangu kufungua Ramadhani. Muharram ya 1366 iliandama mwisho wa Novemba 1946, kwa hivyo babu mkubwa alikufa karibu tarehe 29 mwezi huo, ongeza au punguza siku moja kwa sababu ya mwandamo. Shaaban 1365 ni Julai 1946, kwa hivyo mtoto alikuwa na miezi minne au mitano babake alipofariki.

Na mgomo? Nyanya yako akisema mgomo bila kutaja mwengine, kwa watu wa umri wake ni ule wa Januari 1947. Ulianza tarehe 13, ukaenda siku 12. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini, bandarini, relini, mahotelini, hata maboi wa majumbani, na mikutano ikifanywa Kiwanja cha Maskini kila siku. Mji ulisimama. Mtu aliyezika mtoto wakati ule hasahau.

Kwa hivyo kama neno la nyanya ni sahihi, baba Novemba, mtoto Januari. Baba katangulia. Lakini "mwaka wa mgomo" na "wakati wa mgomo" si kitu kimoja, na mtu akibisha atakushika hapo hapo. Unahitaji ushahidi mwengine.

---

NyaliNgambo

Nikichungulia tu. Huku kwetu upande wa Nyali kuna kaburi ambalo watalii huletwa: mke wa Krapf, yule mmishonari, pamoja na binti yao mchanga. Walikuja Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo mama akafa kwa homa, na mtoto naye akamfuata baada ya siku chache. Kile kichanga kiliishi siku za kuhesabika, lakini leo ukitaka kumjua babu yake unamjua: Krapf mwenyewe alizaliwa 1810 kijiji cha Derendingen huko Ujerumani, mkewe alikuwa Rosine Dietrich, na vitabu vya ubatizo vya makanisa yao vipo. Mtoto wa Kibokoni aliyekufa miaka mia baadaye, ndani ya mji, hatumjui mamake ni nani.

Sisemi ili kulaumu mtu. Nashangaa tu.

---

FundiMitambo

Mbona hamsemi DNA? Siku hizi unatema mate kwenye kichupa unatuma. Wale watafiti waliotoa matokeo 2023 walipima mifupa ya watu 80, wengi wa pwani, hasa Mtwapa hapo juu, wa miaka mia kadhaa nyuma, wakaona kwa wengi damu ya upande wa mama imetoka hapa hapa Afrika na ya upande wa baba kwa wingi imetoka Uajemi. Kama wamepata hayo kwa mifupa ya kale, wa 1947 ni kitu gani?

---

Maalim_Mfunguo

Kaburi la mtoto halifukuliwi kwa ajili ya nyumba bila ardhi, Fundi. Muogope Mungu.

---

FundiMitambo

Sikusema kufukua! Nasema kupima walio hai. Haya, hata hivyo tatizo lipo: mtoto hakuzaa, kwa hivyo hana mjukuu wa kupima. Kilichobaki ni upande wa mama. Kuna sehemu ya DNA ambayo mama humpa kila mtoto na hupitishwa na mabinti pekee. Mjane akiwa aliolewa tena akazaa mabinti, nao wakazaa mabinti, hao wanayo ile ile aliyokuwa nayo marehemu. Lakini ili uwapime sharti uwe umeshawapata. Na ukishawapata kipimo cha nini tena. Sawa, nimejijibu.

---

BintiMakadara

Nimesoma kote nikasubiri mtu aseme, hamkusema.

Mjukuu, umewauliza ami. Umefungua msahafu ulioandikwa na babu. Wanaume watupu. Mtoto wa miezi sita dunia yake ni wanawake: aliyemzalisha mamake, aliyemkanda, aliyekuwa akimbeba, aliyemwosha alipokufa, aliyemkalia mamake edani. Huna shangazi? Huna mke wa ami aliyeolewa nyumba ile zamani? Wanawake wa Mji wa Kale wanajua nani alimnyonyesha nani kwa vichochoro vitatu kila upande, na lazima wajue, maana wasipojua wataozesha watu na ndugu zao.

Na usiende na daftari kama askari. Nenda na halua.

---

MjukuuWaKibokoni

Shangazi yupo, dada yao mkubwa ami zangu. Yuko Majengo. Wallahi haikunijia akilini kwa sababu kwenye msahafu amezaliwa Mfunguo Sita 1366, yaani baada ya mambo haya yote. Nilisema atajuaje.

---

BintiMakadara

Amezaliwa mwezi mmoja baada ya mgomo, nyumba ile ile, na mjane yuko juu amekaa eda. Miezi minne na siku kumi, mwanangu, eda yake ilikuwa bado. Nenda!

---

MjukuuWaKibokoni

Nimetoka Majengo. Naandika nikiwa kwenye matatu, makosa ya herufi mnisamehe.

Nimemkuta shangazi anachambua mchele kwenye uteo. Nikamwambia natafuta habari za Mama fulani, nikalitaja jina la mtoto. Hakuinua kichwa. Akasema, "Yule ni mamangu."

Nikadhani kachanganya. Akatoa chuya mbili tatu, akaendelea: "Mamangu wa kunyonya. Nyanya yako alishikwa na homa aliponizaa, maziwa yakakauka. Mwenzake yuko juu edani, kifua kimemjaa hata kanga hailali, na mwana hana. Nikapandishwa juu."

Amenyonya pale mpaka mjane alipomaliza eda, kisha yule mama akaenda kwao, kwao ni Jomvu. Baadaye akaolewa Kisauni na mwalimu wa chuo cha Kurani. Na shangazi utotoni akipelekwa kumwona kila Idi, wanavuka lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji, anasema likitikisika yeye akimshika nyanya buibui. Yule mama alikufa wakati shangazi ameshapata wajukuu, na shangazi alikuwapo mazikoni.

Nikamuuliza, mtoto alikufa lini? Akanijibu alivyoambiwa na mwenyewe: "Aliikuta arubaini ya babake. Mfunguo Tano hakuumaliza."

Ami zangu wote wanajua. Walikwenda mazikoni Kisauni.

---

Maalim_Mfunguo

Allahu akbar.

Hebu tazameni. Baba 5 Muharram, siku arubaini zinaangukia katikati ya Safar, yaani Mfunguo Tano, karibu tarehe 8 Januari 1947. Safar ikaisha karibu tarehe 22. Mtoto kafa baina ya hapo. Mgomo 13 mpaka 25. Maneno ya nyanya na maneno ya mjane, watu wawili tofauti, kalenda mbili tofauti, yanakutana kwenye juma lile lile moja na nusu.

Huo si ushahidi mdogo. Mjane hakuwa akipigia hesabu mafungu alipomwambia shangazi. Alikuwa akieleza msiba wake.

---

Mpita_Njia_Mwembe

Mimi nimerudi, msinifukuze. Sheria si inasema miaka 12 ukikaa kwenye mali imekwisha? Na je, shangazi naye sasa atadai urithi wa mama wa kunyonya?

---

WakiliWaBarazani

La mwisho kwanza: hapana. Kunyonya kunaharamisha ndoa, hakuleti mirathi. Kwa Shafii, ambao ndio wengi wetu, ni manyonyo matano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na shangazi inaonekana alinyonya wiki kadhaa. Kwa hivyo mabinti wa yule mama ni dada zake, na watoto wa kiume wa shangazi hawawezi kuwaoa. Zaidi ya hapo hakuna mali.

La miaka 12: ipo sheria ya muda kwenye madai ya ardhi, na anayetaka kubishana anaweza kuileta. Lakini hawa hawajashtakiwa na mtu. Wao wenyewe ndio wanaokwenda kwa Kadhi kuomba awatajie warithi, na huko utaulizwa, kwa kiapo, babu mkubwa aliacha nani. Utasema "hakuacha mtoto"? Msahafu umeshika mkononi?

Na msiogope kwamba ni jambo la kale. Waislamu wa hapa mirathi yao ilikuwa ikienda kwa Sharia hata wakati wa Mwingereza, kuna sheria ya 1920 kwa hilo, na leo Katiba ya 2010 kifungu cha 170 imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda kwake.

---

MjukuuWaKibokoni

Nasaba ya upande wa mama nimeipata, angalau kidogo. Shangazi alinipa jina la mtaa Kisauni, nikaulizia msikitini, nikaelekezwa. Mjane alizaa mabinti wawili kwa yule mwalimu, mmoja yu hai. Wamehifadhi hati ya ndoa ya mama yao, imekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Walii wake, yaani aliyemwozesha, ni kaka yake, Mjomvu, jina la baba na la babu yote yapo. Kwa hivyo mtoto wetu babake Mkilindini na mamake Mjomvu, mguu mmoja Thalatha Taifa na mwengine Tisa Taifa, yale makundi mawili ya kale ya Waswahili wa Mombasa. Kwenye shajara nimemuandika hivyo, na chini ya babu mkubwa nimefuta "hakuacha mtoto".

Nilidhani watanifukuza. Yule mama aliye hai alinitazama tu akasema, "Nyinyi ndio wa Kibokoni?" Mama yake aliitwa kwa jina la yule mtoto mpaka anakufa, wao mabinti wakijua wana kaka mkubwa ambaye hawakumwona. Wana hata siku waliyokuwa wakimsomea Fatiha. Sisi tulio na nyumba yake hatukuwa na kitu.

Sijamwambia habari ya mafungu. Niliona si mahali pake, nimeingia tu na kupewa chai.

---

BintiMakadara

Mwambie. Usimwache aje asikie kwa mtu mwengine mjini, ataona ulikwenda kumpeleleza.

---

NyaliNgambo

Kama nyaraka za zamani zaidi zinahitajika upande wa Jomvu, kuna madai ya ardhi yaliyoandikishwa kwa ile sheria ya hati za ardhi ya 1908. Familia za pwani zilikuwa zikitakiwa kueleza ardhi wameipata vipi, na wengi walijieleza kwa kutaja baba, babu na aliyewausia. Ulizia ofisi ya ardhi Mombasa, na Nyaraka za Taifa wana kituo hapa hapa, si lazima Nairobi. Nimewahi kuona faili moja lina vizazi vinne ndani.

Vyeti vya kuzaliwa usihangaike navyo kwa mtoto wa 1946. Uandikishaji ulianza na Wazungu 1904, Wahindi wakafuata, na kuwa lazima nchi nzima ni mpaka 1971.

---

MjukuuWaKibokoni

Tulikaa kikao jana kwa ami mkubwa. Nilitoa shajara mpya, kisha hesabu ya Wakili, yote mbili: 10 kwa 14, na 6 kwa 18. Pakawa kimya, kisha pakawa kelele. Ami wa kati alisema mimi nimetumwa. Ami mkubwa akasema shangazi kazeeka, maneno yake hayashikiki. Shangazi alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akamwambia, "Nimezeeka, lakini wewe ndiye uliyebeba jeneza la mamangu Kisauni. Ulikuwa ukimzika nani?"

Ami mdogo ndiye aliyesema tukamwambie Kadhi kama ilivyo. Wengine hawajakubali, ila hawakukataa. Yeye na mimi tunakwenda Kisauni Jumapili baada ya alasiri, kumweleza yule mama habari ya mafungu.

Wakili, swali moja: yale mafungu 10 yanakwenda vipi kwa mabinti wawili, na mmoja ameshakufa?

---

WakiliWaBarazani

Siwezi kukupigia hapa mpaka nijue yule mjane alipokufa alimwacha nani hai: mume alikuwepo? Kaka yake wa Jomvu alikuwa hai, au watoto wake wa kiume? Mabinti wawili wanachukua thuluthi mbili, na baki inakwenda kwa asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, kwa hivyo huenda wajomba wa Jomvu wakaingia. Kisha yule binti aliyekufa naye anahesabiwa upya. Jumapili ulizeni mpangilio wa vifo, tarehe kadiri ya uwezo wao, za Kiislamu zikiwepo ni bora.

Kwa Kadhi mtachukua msahafu wenyewe. Picha ya simu haitoshi, watataka kuona wino na karatasi. Ile hati ya ndoa waombe waje nayo wao, usiichukue wewe. Na shangazi aende mwenyewe, msimuandikie maelezo mkayapeleka kwa niaba yake.

---

MjukuuWaKibokoni

Msahafu atakuja nao ami mdogo, amesema hautoki mkononi mwake tena. Shangazi ameshauliza atapelekwa na gari au tuktuk. Anataka gari.